Sekunde Ishirini: Somo la Pumzi Kutoka kwa Mtoto Njiti

Wiki ya tatu ya muhula huu umeme ulikatika tukiwa maabara ya kompyuta, saa tisa mchana, na UPS zote chini ya meza zikaanza kulia kwa pamoja. Wenzangu walipiga kelele na mluzi kama ilivyo kawaida yetu umeme unapokatika. Mimi nilisukuma kiti nikafika mlangoni kabla sijajua nakwenda wapi. Mkono wa kulia ulikuwa umeshajiandaa kugonga unyayo wa mtoto, na mtoto mwenyewe wakati huo alikuwa Tanga kwa bibi yake, ana mwaka na miezi minne, anakula wali kwa maharage. Darasa likacheka. Mmoja wa kundi langu akauliza, "Dada, vipi, umeona jini?" Nikamwambia nitaeleza siku nyingine. Basi siku yenyewe ndiyo hii, na kwa kuwa mhariri ameomba makala ya kujifunza na si ya kulia, nitajitahidi kufundisha zaidi kuliko kulia.

Mnaonijua mnajua niliahirisha mwaka. Wengi mlidhani nimedisko, nami sikuwahi kuwasahihisha. Ukweli ni kwamba nilimfuata mwenzangu Columbus, jimbo la Ohio, Marekani, alikokuwa anamalizia shahada ya uzamili. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Mpango ulikuwa nijifungue salama, nitoke arobaini, nirudi darasani na mtoto mgongoni. Mtoto hakuusoma mpango. Alizaliwa mwishoni mwa Novemba, mimba ikiwa na wiki 29, uzito gramu 1,180. Pima mfuko wa sukari wa kilo moja kwa mkono wako, ongeza kiganja kimoja, ndiye huyo.

Mimba huhesabiwa wiki 40, na anayezaliwa kabla ya kutimiza wiki 37 ndiye tunayemwita njiti. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 pekee walizaliwa njiti wapatao milioni 13.4, yaani karibu mmoja kati ya kila watoto kumi. Kwa hiyo kama ukumbi wa mihadhara umejaa watu mia tatu, wapo kati yenu waliowahi kuwa mfuko wa sukari, pengine hata hawajaambiwa.

Kwa nini mtoto anasahau kupumua

Siku ya tatu nilikuwa nimekaa pembeni ya inkubeta, namwangalia, nikaona kifua kimetulia. Nikasema moyoni, amelala vizuri. Kisha skrini ikalia, muuguzi akaja bila haraka, akaingiza mkono kwenye kidirisha, akamkuna unyayo kwa kidole. Mtoto akajikunja, kifua kikaanza tena. "Amesahau tu," muuguzi akasema. Amesahau! Nilidhani ni lugha ya kunibembeleza. Baadaye niligundua kwamba kama maelezo mafupi yanahitajika, hakuna bora kuliko hayo.

Wewe unayesoma hapa hukumbuki kupumua. Shina la ubongo wako ndilo linalokumbuka. Hewa ya ukaa ikizidi kwenye damu, seli za huko huhisi, na zinaamuru misuli ya kifua ifanye kazi zaidi. Jaribu kubana pumzi uone. Kinachokushinda mapema si upungufu wa oksijeni, ni ile hewa ya ukaa inayogonga mlango. Kwa njiti mfumo huo bado haujakomaa. Mlango unagongwa, mwenye nyumba anasikia kwa mbali. Na kuna jambo la ajabu zaidi: oksijeni ikipungua, mtoto huyu huongeza pumzi kwa muda mfupi tu, halafu badala ya kupambana, ubongo wake hupunguza kupumua. Kwetu ukipungukiwa oksijeni unahema kama mbwa. Kwake anatulia.

Juu ya hilo, koo lake ni laini na shingo haina nguvu. Kidevu kikiangukia kifuani njia ya hewa inajifunga, na hapo kifua kinaweza kuendelea kupanda na kushuka wakati hewa haiingii. Shikeni hapo, nitarudi.

Madaktari huita hali hii apnea. Kipimo kinachotumika ni pumzi kusimama kwa sekunde 20 au zaidi, au chini ya hapo kama mapigo ya moyo yameshuka au oksijeni imepungua. Kusimama kwa sekunde tano au kumi kisha kuhema harakaharaka si ugonjwa. Watoto wachanga wengi hupumua kwa vipindi namna hiyo. Waliozaliwa kabla ya wiki 28 karibu wote hupata apnea. Wa wiki 30 hivi, takriban nusu. Wa wiki 34 ni wachache. Kwa wengi huisha wanapofikia umri ambao wangekuwa wamezaliwa, ila waliozaliwa mapema sana wanaweza kwenda nayo hadi wiki ya 43 au 44, tukihesabu tangu mimba.

Dawa yake itawafurahisha. Ni kafeini, ileile tunayokunywa wiki ya UE. Ubongo hutoa kemikali iitwayo adenosini ambayo, pamoja na kazi nyingine, hutuliza kituo cha upumuaji. Kafeini hukaa kwenye viti vya adenosini ili yenyewe ikose pa kukaa. Tofauti ni kwamba mwili wako wewe huondoa nusu ya kafeini kwa takriban saa tano, ndiyo maana unarudi kwa muuza kahawa. Ini la mtoto mchanga bado halijui kazi hiyo. Nusu yake huchukua karibu saa 100. Dozi moja kwa siku yamtosha. Na si dawa ya kubahatisha: jaribio kubwa lililoongozwa na Barbara Schmidt, ambalo matokeo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 2006, lilihusisha watoto 2,006 waliozaliwa na gramu 500 hadi 1,250, likaonyesha kwamba waliopewa kafeini walipata ugonjwa sugu wa mapafu kwa kiwango kidogo kuliko wasiopewa. Mama yangu nilipomwambia kwa simu kuwa mjukuu wake anapewa kahawa, alinyamaza muda. Kisha akauliza, "Na kashata?"

Kuhesabu siku

Kutoka hospitali kuna mtihani. Kwanza mtoto aache kafeini, kisha isubiriwe itoke mwilini, halafu akae siku kadhaa mfululizo bila kusahau kupumua. Pale tulipokuwa zilihitajika siku saba. Akisahau siku ya nne, unarudi sifuri. Binti yangu alifika siku ya sita mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nimeshafunga mabegi. Kuna hasira fulani unayomkasirikia mtoto wa kilo mbili ambaye hana kosa, na baada yake aibu, na hakuna anayekuandaa kwa lolote kati ya hayo.

Mwishoni, akiwa na wiki 38, walituambia angeweza kutoka endapo tungekubali kwenda nyumbani na mashine ya kufuatilia pumzi. Tulikubali kabla sentensi haijaisha. Tukafundishwa kumfufua mtoto kwa kupuliza pumzi na kubonyeza kifua kwa vidole viwili, tukiwa na mdoli wa plastiki. Tukamkalisha kwenye kiti chake cha gari saa moja na nusu huku anapimwa, kuhakikisha shingo haipindi akaacha kupumua njiani. Tukalala naye usiku mmoja chumba cha hospitali, peke yetu, muuguzi yuko ng'ambo ya ukuta. Halafu tukafunguliwa mlango, nje theluji.

Mashine inasikia nini

Mama yangu aliuliza swali ambalo kila mtu anauliza: "Hiyo mashine inampumulia?" Nikamjibu, "Hapana mama, inamsikiliza tu." Hata hilo si kweli kabisa, na hapa ndugu zangu wa fizikia mkae sawa.

Mtoto anafungwa mkanda laini kifuani, chini ya kwapa. Ndani ya mkanda kuna elektrodi mbili, kila upande moja, kama vibati vya mpira mweusi, nyaya zake zinaingia kwenye kisanduku chenye ukubwa wa kamusi. Kisanduku kinapitisha mkondo mdogo mno wa umeme kutoka elektrodi moja hadi nyingine, mdogo kiasi kwamba mtoto hausikii. Hewa haipitishi umeme vizuri. Mapafu yakijaa hewa ukinzani wa kifua unaongezeka kidogo, yakitoa hewa unapungua. Mashine inachora kupanda na kushuka huko na kuita kila wimbi pumzi moja. Elektrodi hizohizo zinapokea pia umeme wa moyo wenyewe, hivyo inahesabu mapigo. Pumzi ikikosekana sekunde 20, inalia. Moyo ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, inalia. Kwa binti yangu kiwango kilikuwa mapigo 80 kwa dakika. Waya ukilegea, inalia pia, kwa taa tofauti.

Sasa tazameni ilichopima. Haikupima hewa inayoingia puani. Ilipima kifua kinavyotanuka. Mtu akikuuliza kwenye mtihani tofauti kati ya kitu unachotaka kujua na kitu ambacho kipimo chako kinapima, mpe mfano huu. Pumzi nyepesi sana inaweza kuonekana kama hakuna pumzi, mashine ikalia bure. Mdundo wa moyo unaweza kutikisa kifua ukahesabiwa kama pumzi. Na mtoto ambaye koo limejifunga anaendelea kusukuma kifua, kwa hiyo kwa mashine yeye anapumua vizuri tu, mpaka moyo uchoke.

Nyumba inayolia

Maisha yetu yakawa zamu. Baba Mtoto saa mbili usiku hadi saa nane, mimi saa nane hadi kuche. Hakuna kuoga kama uko peke yako na mtoto, maana maji yanazuia kusikia. Hakuna kuwasha blenda. Barua ilipelekwa kampuni ya umeme kueleza kuwa nyumba hii ina mashine ya mtoto. Kisanduku kilikuwa na mkoba wake wa begani, basi hata kumtoa sebuleni kumpeleka chumbani ni safari ya watu wawili: mmoja mtoto, mwingine kamusi.

Shangazi yake Baba Mtoto anaishi mji uleule miaka mingi. Alikuja siku ya pili na chupa mbili, moja uji wa pilipili manga wa kwangu, nyingine mafuta ya nazi. Akamwangalia mtoto, akaangalia nyaya. "Mmemfunga kama redio," akasema. Kisha, bila kumwomba mtu ruhusa, akamkanda mafuta mwili mzima, taratibu, kama alivyowakanda wanawe watano. Mtoto alinyooka kwa raha mpaka nikaona wivu. Usiku ule mashine ililia mara kumi na tisa.

Tulidhani imeharibika. Baba Mtoto akapiga simu kwa watu wa mashine, na swali la kwanza walilouliza likawa, "Kuna mafuta yoyote kifuani?" Mafuta yalikuwa yametengeneza tabaka kati ya ngozi na elektrodi, mguso ukawa unakatika na kurudi, na kila ukikatika kisanduku kinapiga yowe. Mimi ni mwanafunzi wa fizikia. Nilipaswa kujua. Asubuhi tukaosha kifua kwa maji ya uvuguvugu, tukakausha, ikanyamaza. Kumweleza shangazi ilikuwa kazi ngumu kuliko maabara yoyote niliyowahi kufanya, kwa sababu ukimwambia mtu mzima asimpake mjukuu mafuta, anasikia unamwambia mikono yake ni michafu. Baba Mtoto ndiye aliyepata njia: "Shangazi, miguu na mikono ni yako yote. Kifua tuachie sisi." Akakubali. Akaondoka na chupa, kesho yake akarudi nayo.

Jambo la pili lililomkera ni kulala chali. Wodini wauguzi walikuwa wanamlaza kifudifudi, mbele ya macho yetu, kwa kuwa mapafu ya njiti hufanya kazi vizuri zaidi hivyo na kuna skrini na watu saa 24. Wiki za mwisho wakambadilisha chali, wakatuambia nyumbani ni chali daima, godoro gumu, hakuna mto, hakuna shali wala mdoli kitandani. Shangazi aliona ni ukatili. Lakini kwenye hili ushahidi uko wazi kuliko wa mashine yenyewe: kampeni ya kulaza watoto chali ilianza Marekani mwaka 1994, na katika miaka iliyofuata vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini vilipungua kwa takriban nusu. Kampeni hiyo haikuhitaji waya hata mmoja.

Usiku wa blanketi

Wiki ya tatu nyumbani Baba Mtoto alikuwa na uwasilishaji wa utafiti wake kesho yake. Jirani wa chini alikuwa ameshagonga dari kwa fagio mara mbili juma lile. Simlaumu, kelele ya kisanduku kile imetengenezwa ili ikuamshe hata ukiwa umekufa nusu. Usiku huo kilikuwa kimelia mara nne, zote waya. Saa nane nilipopokea zamu nilifanya kitu ambacho tulikatazwa kwa maandishi. Nilikizungushia blanketi.

Saa kumi alfajiri kikalia tena. Nilikisikia. Sitaki kudanganya kwamba nilikuwa usingizini. Nilikuwa macho wazi, nimelala ubavu, nawaza, mkanda tena, na nawaza kwamba pengine mwenzangu ataamka yeye. Nilisubiri. Halafu nikainuka kwa hasira, nikafunua blanketi ili nikizime, na taa iliyokuwa inawaka haikuwa ya waya. Ilikuwa ya moyo.

Kwa mwanga wa simu nilimwona mdomo umekuwa na rangi ya wino uliopauka, kidevu kimezama kifuani. Nikagonga unyayo. Kimya. Nikanyoosha shingo, nikamsugua mgongo kwa nguvu kuliko nilivyofundishwa, nikiita jina lake kwa sauti ambayo jirani wa chini lazima aliisikia. Akavuta hewa kwa mlio mkali, kisha akalia. Kilio kile nikikisikia leo kwa mtoto yeyote wa daladala, namshukuru mama yake.

Mashine ile hutunza kumbukumbu, na kila mwezi hupakuliwa na kuchapishwa. Daktari alituonyesha karatasi ya alfajiri hiyo. Mstari wa pumzi ulikuwa unaendelea na mawimbi mazuri kabisa, kama hakuna kilichotokea. Koo lilikuwa limejifunga na kifua kikaendelea kusukuma bure. Mstari wa moyo ndio uliosema kweli: ulishuka hadi 58. Kutoka kengele ilipoanza hadi mapigo kurudi ni sekunde 34. Baba Mtoto aliniangalia akasema, "Ulimwahi." Daktari naye akasema nimefanya vizuri. Mimi nilikuwa napiga hesabu ya sekunde ngapi kati ya zile nilikuwa kitandani. Sikuwaambia kuhusu blanketi. Nilimwambia Baba Mtoto miezi mitatu baadaye, ndani ya ndege, tukiwa tunarudi, mtoto amelala mapajani mwake. Hakusema kitu kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mimi nilikizungushia mto, wiki iliyotangulia."

Wahandisi wanalijua tatizo hili, wanaliita uchovu wa kengele. Kengele inayolia bure mara nyingi haikuongezei umakini, inakufundisha kuidharau. Kwa siku 49 tulizokuwa nayo, karatasi zilionyesha kengele 212. Za kweli zilikuwa tatu.

Karatasi ya mwaka 1972

Niliporudi nyumbani nilitaka kujua nani alianzisha wazo la kuwafunga watoto mashine hizi majumbani. Wanafunzi wa mbinu za utafiti, someni kisa hiki kwa makini kuliko desa lolote.

Mwaka 1972 daktari Alfred Steinschneider wa Syracuse, jimbo la New York, alichapisha katika jarida la Pediatrics utafiti wa watoto watano waliokuwa wanasimamisha pumzi usingizini. Wawili kati yao, ndugu wa familia moja, walifariki, na ndugu zao watatu walikuwa wamefariki kabla yao. Akahitimisha kwamba apnea ya muda mrefu ndiyo inayotangulia vifo vya ghafla vya watoto, na inaonekana hurithiwa katika familia. Watoto watano tu! Lakini lilikuwa wazo lenye tumaini ndani yake: kama pumzi husimama kwanza, basi kengele inaweza kuokoa. Mashine zikaingia majumbani kwa maelfu.

Zaidi ya miaka ishirini baadaye waendesha mashtaka wakaifuatilia ile familia. Mama wa watoto hao, Waneta Hoyt, alikamatwa mwaka 1994 na mwaka 1995 akatiwa hatiani kwa kuwaua watoto wake wote watano kwa kuwaziba pumzi. Wale wawili waliokuwa uti wa mgongo wa nadharia hawakufa kwa apnea hata kidogo.

Utafiti mzito ukaja mwaka 2001, ukiitwa CHIME, uliofuatilia watoto 1,079 nyumbani kwa zaidi ya saa 700,000. Ulikuta kwamba hata watoto wenye afya waliotimiza miezi yao, zaidi ya asilimia 40 walikuwa na angalau tukio moja ambalo mashine ya kawaida ingelilia. Matukio makali zaidi yalikuwa mengi kwa njiti, lakini hadi wiki ya 43 hivi tu, yaani kabla ya umri ambao vifo vya ghafla hutokea kwa wingi. Mwaka 2003 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, AAP, kikatamka kwamba mashine za nyumbani zisitolewe kwa lengo la kuzuia vifo hivyo. Zibaki kwa watoto wachache kama wangu, ambao apnea yao imethibitishwa, na kwa muda mfupi. Soksi zinazouzwa mitandaoni zikiahidi kumlinda mtoto wako mwenye afya zinaingia kwenye onyo hilohilo, kwa hiyo bumu likitoka usinunue.

Kanga

Mama yangu Tanga alisikiliza habari zote hizi kwa uvumilivu wa mwalimu mstaafu, kisha akasema, "Mjomba wako alizaliwa wa miezi saba. Bibi yako alimfunga kifuani kwa kanga, ndani ya gauni, mpaka akanenepa." Nilimcheka kidogo. Nisingemcheka kama ningekuwa nimesoma.

Mwaka 1978 huko Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria, akiwa na hospitali iliyojaa na inkubeta zisizotosha, alianza kuwapa akina mama njiti wao wawabebe kifuani, ngozi kwa ngozi, kama kangaruu. Baadaye utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, uliochapishwa mwaka 2021, uliuliza swali gumu zaidi: vipi tukianza mara tu mtoto anapozaliwa, kabla hata hali yake haijatulia? Watoto walikuwa 3,211, uzito kati ya kilo 1.0 na chini kidogo ya 1.8. Waliobebwa mapema, asilimia 12.0 walifariki ndani ya siku 28. Waliosubirishwa, asilimia 15.7. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Sisi tulikuwa sehemu ya ushahidi huo, hapahapa nyumbani, na mimi nilikwenda Ohio nikajifunza kwa kamusi yenye nyaya.

Sisemi mashine ile haina maana. Alfajiri ile ilinifanyia kazi, mimi ndiye sikuifanyia. Ila mwenzako wa bwenini, au dada yako, akijifungua njiti hapa, hatapata kisanduku, na asihisi amenyimwa uhai wa mwanawe. Aulize wodi ya kangaruu iko wapi. Akitoka amlaze chali peke yake bila mto, shingo isipinde hata kwenye mbeleko, asivute wala asikubali mtu avute sigara karibu, na ajifunze kumfufua mtoto kabla hajatoka. Ukimwona kanyamaza, mguse unyayo, msugue mgongo. Usimtikise kamwe.

Kisanduku kilirudishwa mtoto akiwa na wiki 45. Fundi alikuja, akasaini, akakunja nyaya, dakika tano amemaliza. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo kama matokeo ya kidato cha sita, na mlango ulipofungwa nilitaka kumkimbiza nimwambie airudishe. Usiku ule Baba Mtoto alilala fofofo kwa mara ya kwanza tangu Novemba. Mimi nilikaa sakafuni, mkono kwenye kifua cha mtoto, nahesabu. Akinyamaza naanza moja, mbili, tatu. Hakuwahi kufika sita.

Likizo iliyopita nilikwenda Tanga. Usiku mama akanikuta nimesimama gizani juu ya kitanda cha mtoto. "Mtoto ana kilo kumi," akasema, "bado unamhesabia pumzi?" Nikamwambia nilikuwa nachomeka chandarua.